Kipande Kisichochomwa

Watu wengi huijua nyumba kwa sakafu yake. Watakwambia wapi pana ufa, mlango upi unalia, dirisha lipi halifungi. Mama Dari aliijua nyumba kwa upande wa juu, kule kusikokwenda mtu ila vumbi, panya na yeye. Alikuwa fundi wa kupitisha kebo za mtandao kwenye majengo, na kebo hizo hupita juu ya dari, kati ya bodi nyeupe mnazoziona na zege msiloliona. Huko ndiko alikomaliza miaka yake ishirini na minane. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwepo, tena zuri, lakini hata wifi zake walikuwa wameshalisahau.

Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye mabega ya kupenya popote. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na alimshonea suruali zenye vipande vya godoro magotini na mifuko tisa, kila mmoja na kazi yake. Wa tisa, wa kifuani, ulikuwa wa pipi, maana juu ya dari koo hukauka upesi.

"Mimi nimeoa paka," mumewe aliwaambia wateja wake huku akikata uzi kwa meno. "Nikitaka kumwita mke wangu, naangalia juu."

Na kweli kulikuwa na nchi nzima huko juu. Mchana mwanga ulipenya kwenye matundu ya taa ukasimama wima gizani, nguzo hapa, nguzo kule, na vumbi likapanda na kushuka ndani yake bila haraka yoyote. Sauti za chini zilifika zimelainika, zimepoteza makali. Mama Dari alimsikia hakimu akipiga miayo katikati ya kesi. Alimsikia mkurugenzi mmoja akijizoeza peke yake, mara nane, jinsi ya kumwomba mkewe msamaha, na mara ya nane akaharibu kuliko ya kwanza. Wakati mwingine alilala chali juu ya ubao wake, mkono mmoja umeshika kebo, akawa hajui kama anafanya kazi au anaota. Hakuna alichokisikia huko akakiteremsha. Ya darini hubaki darini, alisema, na kwa hilo peke yake alistahili mshahara mara mbili.

Lakini tabia iliyompa umaarufu ni nyingine. Mama Dari hakuwahi kuamini boksi.

Kuna kebo na kebo. Ziko zenye ganda la plastiki la kawaida, laini, linalopindika unavyotaka, na ziko zenye ganda la moshi mdogo, ambalo ni gumu kidogo, halipendi kukunjwa ghafla, na mafundi wavivu hulichukia. Kwa macho ni mapacha. Zote zinapitisha picha na barua vilevile. Tofauti yake haionekani mpaka siku ya moto, na siku hiyo si siku ya kujifunza. Plastiki ya kawaida ikiungua hutoa moshi mweusi mzito wenye ukali wa tindikali, unaofunga macho na koo kabla mtu hajauona mlango. Ile nyingine hutoa ukungu mweupe hafifu, na mtu huona pa kupita.

Basi kila boksi jipya likifunguliwa, Mama Dari alikata kipande cha urefu wa kidole. Alienda nje, akawasha taa yake ndogo ya spiriti, akashika waya wa shaba kwa koleo na kuuchoma mtupu mpaka rangi yake iishe. Halafu aliugusisha kwenye ganda la kebo, plastiki ikanata kidogo, akaurudisha motoni. Moto ukibaki wa njano, sawa. Ukigeuka kijani, boksi linarudi dukani hata kama limeandikwa nini. Mwisho alikichoma kipande chenyewe juu ya kifuniko cha kopo, akakifunikia chupa ya jamu ili moshi ubaki ndani, na juu ya chupa akabandika karatasi yenye jina la jengo.

"Imeandikwa ubavuni, mama," Twiga alilalamika kila mara. Twiga alikuwa fundi mwenzake kwa miaka kumi na sita, mrefu hata ngazi ilimwonea haya. Yeye alisukuma kebo kutoka chini, Mama Dari alivuta juu. "Herufi hizi hapa, kubwa kama meno ya farasi. Moshi mdogo. Tuanze."

"Maandishi ni maneno," alimjibu. "Moto hausomi."

Aliyejua sababu hakucheka. Mama Dari alilelewa na shangazi yake, mpokea simu katika ofisi moja ya ghorofa tatu. Siku moja kikapu cha taka kiliwaka moto chumba cha jirani. Moto wenyewe ulizimwa kwa ndoo mbili; haukuwa mkubwa kuliko wa kuchemshia chai. Ila uliramba waya zilizopanda ukutani, na waya zikajaza korido. Korido hiyo shangazi aliipita miaka kumi na minne. Wangeweza kumfunga kitambaa machoni akakuletea chai bila kumwaga. Walimkuta hatua nne kutoka mlangoni, kiganja chake kikiwa ukutani, na hakuna mahali alipoungua, hata kitambaa chake cha kichwani. Mama Dari wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alikifua kitambaa hicho mara tatu na harufu haikutoka, harufu kali, chachu, ambayo tangu hapo angeitambua hata usingizini.

Ndiyo maana nyumbani kwake, kwenye chumba cha nyuma, palikuwa na rafu tano za chupa. Nyingi zilikuwa na weupe kidogo tu ndani, kama kioo kilichopumuliwa. Chache zilikuwa nyeusi tii. Hizo ni za maboksi yaliyorudishwa. Jua la alasiri likiingia, rafu nzima iliwaka taratibu, majengo yote aliyoyapitia yamesimama pale katika chupa za jamu, na mumewe hupita akasema, "Wenzio wanaweka vikombe vya wageni." Kila Jumamosi Mama Dari alizifuta vumbi moja moja.

Isipokuwa moja. Rafu ya tatu, pembeni kushoto. Hiyo alipitisha kitambaa pembeni yake bila kuigusa. Ndani yake hamkuwa na weupe wala weusi. Mlikuwa na kipande cha kebo, cha bluu, kizima, urefu wa kidole, hakijaona moto.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi na moja nyuma, walikuwa wanamalizia jengo jipya la hospitali, jengo la akina mama na watoto. Maboksi yote ya mzigo wa kwanza yalichomwa na yakafaulu. Alasiri ya siku ya mwisho kebo zikapungua, likaletwa boksi moja kutoka duka jingine. Mama Dari alikata kipande chake kama kawaida, akakitia mfuko wa tisa pamoja na pipi, na alikuwa anashuka ngazi kwenda kukichoma simu ilipolia. Alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee.

"Mama! Nimechaguliwa! Chuo cha uuguzi, mama!"

Alikaa palepale kwenye ngazi akalia. Binti huyo alikuwa amerudia mtihani mara mbili; mara ya pili alikuwa amekataa kula siku tatu. Twiga alipanda akadhani kuna ajali. Alipojua ni nini alipiga kelele jengo zima likasikia, na furaha ikawapandisha wote wawili kazini, wakavuta boksi zima huku wanaimba. Kipande kilibaki mfukoni. Nyumbani walikuta majirani wamejaa, mume ameshaahidi kumshonea kila jirani nguo, na usiku huo hakuna aliyekumbuka spiriti. Kesho yake alikitia kwenye chupa, akaandika jina la jengo, akasema atakichoma baadaye. Baadaye ilikuwa safari ya kumpeleka binti chuoni. Waliporudi, dari ilikuwa imefungwa na kupakwa rangi.

Hapo angeweza bado kukichoma. Dakika mbili tu. Lakini kukichoma ni kujua, na kujua ni kwenda kusema, kwa hiyo akajitia hamnazo. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Kila mwaka kile kipande kilizidi kuwa kizito, mpaka mwanamke ambaye hakuogopa nyoka wa darini akawa anaogopa kidole kimoja cha plastiki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Dari aliijua methali hiyo. Aliwahi hata kumwambia mtu mwingine.

Jumapili moja binti alikuja kula chakula cha mchana. Sasa alikuwa mwanamke mzima, muuguzi, watu wakimwita Sista hata sokoni. Alinawa mikono kwa muda mrefu kama wanavyonawa wao, akakaa, akasema kwa furaha, "Wamenihamisha. Niko wodi ya watoto njiti. Tena mimi ndiye msimamizi wa zamu ya mchana."

"Hongera, mwanangu!" baba yake alipiga meza.

"Wodi ipi?" Mama Dari aliuliza.

"Ile ya jengo jipya. Japo sasa si jipya tena." Binti alicheka. "Nimewaambia wenzangu, hapo juu mnapopaona ni kazi ya mama yangu. Msiwe na wasiwasi."

Mama Dari alikunywa maji. Akajikuta anauliza wako watoto wangapi, na binti, ambaye akianza habari za kazi hanyamazi, akamweleza yote: watoto kumi na wanne kwenye mashine za joto, wengine wadogo unaweza kuwabeba kwa viganja viwili, kila mmoja na mipira yake ya kupumulia. Wauguzi ni wawili. Kumhamisha mmoja kutoka hapa hadi pale, pamoja na mipira yake, ni dakika tatu ukiwa na mikono miepesi.

Mama Dari alipiga hesabu bila kutaka. Dakika tatu mara kumi na nne. Korido ya shangazi ilijaa kwa chini ya dakika tano.

Baada ya chakula baba na binti walibaki wakiongea barazani, naye akaenda kujilaza chumba cha nyuma, kwenye mkeka chini ya rafu. Usingizi wa mchana ulimchukua kabla hajaukubali. Akaota yuko juu ya dari ya wodi, ila bodi zilikuwa za kioo. Chini alimwona binti yake akitembea kati ya mashine za joto, polepole, viatu vyake havitoi sauti. Moshi ulianza kushuka. Haukupanda kama moshi wenye akili; ulishuka, mwembamba, uzi mmoja mweusi kama ule mumewe anaovuta kwenye cherehani, halafu wa pili, halafu mingi. Mama Dari akaita. Lakini juu ya dari sauti hulainika, na sauti yake ilifika chini imekuwa kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Binti akainua uso, akatabasamu, akawaambia wenzake, "Msiwe na wasiwasi. Juu yuko mama yangu."

Aliamka jasho limemtoka. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye rafu na chupa zote zilikuwa zinang'aa. Alinyoosha mkono, akaishika ile ya pembeni kushoto. Ilikuwa na vumbi la miaka kumi na moja.

Binti alimkuta kwenye ngazi za uani, taa ya spiriti imewaka. Tangu utotoni alipenda kutazama uchomaji huu. Alikuwa akiruhusiwa kushika taa kama zawadi ya kumaliza kazi za shule. Akakaa kando ya mama yake, akaichukua chupa, akasoma karatasi yake.

"Mbona hii haijachomwa?"

Mama Dari akapiga moyo konde akamweleza. Hakuzunguka mbuyu wala hakujipaka mafuta. Alimweleza boksi la duka jingine, mfuko wa tisa, simu, ngazi, kuimba. Binti alishika taa, mkono wake ukiwa imara kama inavyotakiwa kwa muuguzi. Mama akachoma shaba mpaka rangi yake ikaisha, akaigusisha kwenye ganda la bluu, akairudisha motoni.

Moto uligeuka kijani.

Kilikuwa kijani kizuri, cha majani machanga, na kilidumu. Wote wawili walikitazama mpaka kikafifia. Kisha Mama Dari akakichoma kipande, akafunika chupa, na chupa ikawa nyeusi kabla hajahesabu kumi. Harufu ikawafikia. Ilikuwa ileile ya kitambaa.

"Hiyo ndiyo iko juu ya watoto wangu?" binti aliuliza.

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Nimejua sasa hivi. Ila nimeogopa miaka kumi na moja."

"Na simu nilipiga mimi."

"Simu ulipiga wewe, mwanangu. Mkono uliotia kipande mfukoni ulikuwa wangu."

Binti alizima taa. Alikuwa na hasira, na hakuificha. Ilimpanda mpaka masikioni. "Mimi nimesimama pale nikawaambia watu wasiwe na wasiwasi," alisema. "Kwa kinywa changu. Kesho saa mbili utakuja kusema, au niseme mimi?"

"Nitakuja."

"Saa mbili, mama." Akamuaga baba yake na kuondoka bila kumalizia chai.

Msimamizi wa majengo ya hospitali alikuwa mtu mpole mwenye kitita cha funguo kiunoni, kizito hata suruali yake ilikuwa ikishuka upande mmoja. Watu walimwita Bwana Funguo na yeye alijiita hivyohivyo. Asubuhi hiyo alimsikiliza Mama Dari mpaka mwisho. Aliitazama chupa nyeusi juu ya meza yake, akaisogeza kwa kidole kimoja mbali na chai.

"Mama yangu," alisema, "jengo lilikaguliwa. Cheti kiko ukutani. Miaka kumi na moja hakuna hata cheche. Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Kombe lenyewe, Bwana Funguo, liko juu ya watoto kumi na wanne."

Twiga, aliyekuja bila kuitwa, alikuwa amesimama mlangoni amekunja shingo. Bwana Funguo alimgeukia kutafuta msaada, akaona hapana msaada huko. Akashusha pumzi. Alikuwa mtu mwema, na watu wema huogopa karatasi kuliko wanavyoogopa moto.

"Unajua ukiandika hapa kitatokea nini? Hawataishia wodi moja. Wataanza kuuliza majengo yako yote. Mahakama, shule, ofisi zote ulizoingia. Jina lako lote hili la kuchoma chupa litakuwa kichekesho."

"Najua."

"Na bado?"

"Nipe kalamu."

Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa shule, kwamba boksi la mwisho halikupimwa, kwamba aliyeacha kulipima ni yeye, na kwamba kebo zilizo juu ya wodi ya watoto njiti na chumba cha jirani hazifai na zitolewe. Alipomaliza, Twiga alichukua kalamu akaandika jina lake chini. Hakuna aliyemwomba.

"Na mimi niliimba," alisema.

Bwana Funguo alikuwa mkweli katika utabiri wake. Kabla wiki haijaisha majengo mawili yaliomba ukaguzi upya, na shule moja iliyokuwa imemwahidi kazi ikamwambia asubiri kwanza. Mafundi wa mjini hawakukawia. Wakambatiza upya, Mama Masizi, na mmoja alimpigia simu kumuuliza kama anauza chupa. Iliuma. Angesema haiumi angekuwa mwongo, na uongo ulikuwa umeshamchosha. Mumewe alimshonea suruali mpya, sponji ya magotini mara mbili, maana alijua hii haitakuwa kazi ya siku moja.

Wodi ya njiti haifungwi. Watoto walihamishwa nusu kwa nusu kwenda chumba kingine, bodi zilifunguliwa moja moja, na chini ya kila tundu walitandaza mashuka mabichi ili vumbi lisipae. Maboksi mapya yalifika Jumatatu iliyofuata. Yalikuwa yameandikwa sawasawa, herufi kubwa kama meno ya farasi. Mama Dari alikuwa anakata kipande binti yake alipotokea uani, amevaa sare nyeupe, mikono kifuani.

"Fundi," alisema. Hakusema mama. "Hii imechomwa?"

"Bado, Sista."

"Lete hapa."

Akachuchumaa kwa sare yake nyeupe, akawasha spiriti, akachoma shaba mpaka rangi yake ikaisha, akagusisha. Twiga akaanza kusema kwamba imeandikwa ubavuni, akatazamwa mara moja tu akanyamaza. Moto ulibaki wa njano. Binti akafanya hivyohivyo kwa boksi la pili na la tatu, hakuacha hata moja, akazikagua chupa kwenye mwanga. Zilikuwa na weupe kidogo tu.

"Haya, Fundi. Endelea," akasema, akaenda kunawa.

Neno hilo, Fundi, lilimkaa Mama Dari kifuani siku mbili nzima. Alipanda nalo, akashuka nalo. Juu ya dari alikuta kebo zake mwenyewe zimelala jinsi alivyozilaza, zimefungwa kwa vifungo vyake, kila kona imepindwa kwa adabu. Kazi safi sana ya kitu kibaya. Hata alama zake za kalamu zilikuwa zinasomeka, na pembeni ya moja, kwenye ubao, siku ile ya furaha alikuwa ameandika: *Amefaulu.* Alikuwa amelisahau kabisa neno hilo. Alilala hapo chali, nguzo za mwanga zimemzunguka, vumbi likipanda na kushuka, na chini yake mashine za watoto zikilia taratibu, ti, ti, ti, kila moja na mwendo wake. Alilia kidogo. Halafu akatoa kisu, akakata kifungo cha kwanza, akaanza kuvuta.

Siku ya tatu koo lilimkauka, akapeleka mkono mfuko wa tisa, akakuta mtupu. Alikuwa karibu na tundu la taa. Kabla hajamwita Twiga, mkono uliibuka kwenye tundu hilo, mkono ulionawa mpaka ukapauka, umeshika pipi mbili.

"Mama," sauti ilisema kutoka kwenye ngazi ya Twiga, ya chinichini kama wanavyoongea mule wodini. "Chukua."

Akachukua. Vidole vyao vikagusana kidogo, na mkono ukarudi kazini.

Kipande cha mwisho cha kebo kilipita juu ya chumba cha jirani, kile ambacho akina mama hukaa na watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, hadi wapate uzito. Hapo dari haikufunguliwa. Mama Dari alitambaa juu yake kwa magoti ya sponji, akivuta kebo ya zamani mkono kwa mkono, akiilaza kando. Alijitahidi, lakini ubao mmoja ulilia.

"Nani huko juu?" sauti ya mwanamke iliuliza. Ilikuwa sauti changa, iliyokosa usingizi.

"Ni fundi tu, mama."

"Unafanya nini?"

Mama Dari alifikiri. Kulikuwa na majibu mengi ya kifundi.

"Natoa kosa langu," akasema.

Yule mwanamke akacheka, cheko la pumzi tu ili asitikise kifua. "Basi litoe taratibu, dada yangu," alisema. "Huyu ndiyo kwanza amelala."

Mama Dari akahamisha goti lake kutoka kwenye ubao unaolia. Akashika kebo kwa mikono yote miwili, akaendelea kuivuta, taratibu.